Mwamba Unaopumua

Tarehe 4 Februari

Mjomba wangu,

Naomba barua hii ikukute kifua kimepoa, na mkaza mjomba awe ameacha kukuficha sigara, maana akiwa bado anazificha najua na wewe bado unazitafuta. Mimi sijambo kabisa. Mdogo ameniambia habari ya ujauzito wake. Mwambie namwonya kama dada mkubwa, asipande kiti kutundika mapazia. Mume anaye na mikono mume anayo. Simu najua huzisikii. Sikio la kushoto ulilimaliza kwenye mitambo, na la kulia unalitumia kwa watu unaowapenda tu. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, kama enzi za bweni.

Nimepata kazi, na ni huku nilikozaliwa. Ule mgodi wenu uliofungwa wanasayansi wameugeuza maabara, huu ni mwaka wa nane. Nilipoona tangazo nilisoma jina la mji mara mbili, nikacheka peke yangu, nikaomba. Sikukwambia mapema kwa sababu niliogopa nisipate, ukapata la kunitania.

Utauliza watu wanaosema wanasoma nyota wanatafuta nini chini ya ardhi. Nitakueleza kama nilivyomweleza mama kabla hajafariki. Makundi makubwa ya nyota yanazunguka kama sahani. Nyota za ukingoni zinakwenda mbio kupita kiasi; ukijumlisha uzito wa kila kinachoonekana, hautoshi kuzishikilia. Zingekuwa zimeshachomoka na kutawanyika. Hazichomoki. Basi kuna kitu kingine humo, kizito kuliko nyota zote, kisichotoa mwanga wala kuuzuia. Tunakiita maada ya giza, na jina hilo ni adabu tu ya kusema hatukijui. Kinapita ndani ya kuta, ndani ya mwamba, ndani yako ukiwa umekaa hapo barazani. Tunachoomba ni chembe yake moja ijikwae ndani ya pipa letu la kimiminika baridi, itoe cheche moja tuione. Tumejificha chini kwa sababu huko juu chembe nyingine zinanyesha kutoka angani bila kukoma, na mwamba wa mita elfu moja na mia mbili ndio mwavuli wetu.

Kazi yangu mimi ni ya kufagia. Kila kitu kinatoa cheche zake za uongo: vumbi, skrubu, jasho la mtu. Nazihesabu na kuzitoa, ili siku ikija cheche ya kweli tuijue. Hata ndizi haturuhusiwi kula huku chini, nazo zina cheche zake. Za kweli, kwa miaka minane, jumla ni sifuri.

Jambo lingine. Nimekuja na barua ya baba, ile ya mistari sita aliyomwandikia mama, kwamba amepata maisha mengine na asitafutwe. Mimi nilikuwa na miaka minne na Mdogo alikuwa bado tumboni. Mama alikufa bila kuuliza. Mimi si mama. Nadhani hapa mjini kuna mzee aliyewahi kufanya kazi naye, anaweza kunieleza alielekea wapi. Wewe ulikuwa mpima ramani wa mgodi huu, na baba alikuwa shemeji yako na rafiki yako. Nianzie kwa nani?

Mpwa wako


Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu Mdadisi,

Barua yako nimeipokea. Kifua kinakwenda na kurudi. Sigara nimeacha, yaani nimeacha kuzinunua. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anasema ule, maana picha uliyomtumia Mdogo inaonyesha shingo kama ya korongo.

Hongera kwa kazi. Nimeisoma habari ya hicho kitu chenu mara mbili. Kwa hiyo mnashuka kila siku kukodolea macho giza, mnapanda juu na kusema hamkuona kitu, na mkuu wenu anafurahi. Kazi hiyo hata mimi ningeiweza.

Watu niliofanya nao kazi wamekufa au wametawanyika, usijisumbue kuulizia. Mji wenyewe haukuwa mji, ulikuwa kambi. Na ile barua, mwanangu, ichome. Mama yako alipaswa kuichoma siku ile ile aliyoipata. Nilimwambia hivyo na hakunisikia.

Kama kuna nafasi ya kazi kama hiyo mahali pengine, ukubali. Hewa ya chini si nzuri kwa mwanamke ambaye bado anataka watoto.

Mjomba wako


Tarehe 9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka sana uliposema umeacha kuzinunua. Nimemtumia Mdogo kitambaa cha kumbebea mtoto. Nasikia miguu imemvimba, akae aiinue.

Sijaichoma. Na hewa ya chini inachujwa mara sita, ni safi kuliko ya chumbani kwako.

Leo nakuja kwako kama mwanafunzi kwa mwalimu. Tuna tatizo. Cheche za uongo zimezidi upande mmoja wa pipa, upande wa magharibi. Kwanza nilimtilia shaka fundi wa pampu, ambaye huwa anaegemea pale akila karanga zake kwa siri. Nikamhamisha. Hazikupungua. Tukabadilisha nyaya, tukaosha sakafu kwa mikono na magoti, wapi.

Kisha nikaona jambo. Hazizidi kila siku. Zinazidi siku ambazo huko juu kunajiandaa kunyesha. Nikachukua vipimo vya mgandamizo wa hewa vya miezi mitatu, nikavilaza karatasi juu ya karatasi. Hewa ya nje ikilegea, cheche zinapanda. Ikikaza, zinashuka. Maana yake ni kwamba kuna gesi inatoka mwambani, ile inayozaliwa na mawe yenyewe, na inatoka kama pumzi. Sasa mwamba mzima haupumui, Mjomba. Kinachopumua ni uwazi. Nyuma ya ukuta wa magharibi kuna chumba, au njia, na si ndogo.

Nimeangalia ramani ya mgodi tuliyokabidhiwa. Magharibi pameandikwa mwamba mtupu, na chini kuna saini yako. Wenzangu wananitania kwamba ukoo wetu umeanza kugombana na ukoo wetu. Nimewaambia mjomba wangu alikuwa akipima hata kitanda kabla ya kulala. Je, palikuwa na uchimbaji wa zamani pale, kabla yako, ambao hukuambiwa?

Mpwa wako


Tarehe 17 Mei

Mpwa wangu,

Mdogo amejifungua salama, mtoto wa kiume, ana nywele nyingi na hasira. Wakunga walimsifu Mdogo kwa ujasiri. Mkwe wetu alizimia mlangoni, akaokotwa na mfagizi. Tumecheka mpaka kifua kikaniuma.

Mdogo anataka mtoto aitwe jina la babu yake, baba yenu. Nimekataa. Jina hilo mama yenu alipiga marufuku lisitajwe humu ndani kwa miaka ishirini na sita, na sisi tusimkaidi akiwa hayupo. Nakuomba umwandikie, wewe anakusikiliza.

Paa la jikoni limeanza kuvuja. Mkaza mjomba wako anasema nipande, mimi nasema kifua.

Ramani ni sahihi.

Mjomba wako


Tarehe 21 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kwa mtoto. Nimewaandikia wazazi wake peke yao.

Nitakueleza nilichofanya kwa mpangilio, kama ninavyotakiwa kuandika ripoti, maana nikiandika vingine sitafika mwisho.

Tulipapasa ukuta wa magharibi. Chini ya rangi si mwamba. Ni zege, upana wa watu wanne wakisimama bega kwa bega. Fundi wa pampu aliweka sikio pale akagonga kwa spana, akasema kuna ngoma humo. Mkuu wa maabara si mtu mbaya, lakini amengoja miaka minane, na akili yake iko kwenye pipa. Alisema tusitoboe, vumbi lake litatuchafulia mwaka mzima. Tubandike plastiki nene juu ya zege, gesi isipite, tuendelee. Kila mtu aliona ni busara. Hata mimi.

Lakini mtu wa kufagia hupenda kujua taka imetoka wapi. Nilikwenda stoo ya ofisi ya zamani, kule juu, kwenye makabati ambayo panya wameyafanya kwao. Nikaipata ramani ya asili, ile ya wino kwenye kitambaa. Nikaiinua dirishani. Magharibi pamekwanguliwa kwa wembe. Kitambaa kimekuwa chembamba pale, mwanga unapita, na njia nzima inaonekana, yenye namba zake za vipimo. Ni njia ndefu, mita sabini na saba. Aliyekwangua alikwangua wino, mchirizi wa kalamu ukabaki.

Nilizitazama zile saba mbili. Zina mkanda katikati na kisigino chini. Nimezisoma saba hizo maisha yangu yote, kwenye barua za bwenini, kwenye tarehe ya barua yako ya Mei. Nikaenda chumbani nikatoa barua ya baba. Mwandiko ni wake kabisa, herufi kwa herufi, ule wa kulala kushoto. Lakini juu imeandikwa tarehe 17 Julai. Uliyemwiga ulimwiga vizuri, Mjomba, ukasahau kumwiga kwenye tarehe.

Sitakuuliza kwa nini kwanza. Nauliza moja tu. Baba yuko wapi?

Mpwa wako


Tarehe 30 Julai

Mjomba,

Mdogo ananiambia barua yangu ilifika, na kwamba uliisoma uani ukaiweka mfukoni, na tangu siku hiyo unakaa upande wa nyuma wa nyumba.

Plastiki inabandikwa mwishoni mwa mwezi ujao. Sijamwambia Mkuu kuhusu ramani. Nikimwambia ataniuliza ushahidi, na ushahidi ni saba. Ukinyamaza, ukuta utafunikwa mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimefunika na mimi.

Mpwa wako


Tarehe 17 Agosti

Mwanangu,

Sote wazima hapa. Mtoto ameanza kucheka. Barua hii nimeianza mara tano na nne nimezitia jikoni.

Baba yako hakwenda popote. Hakuwahi kuwa na mwanamke mwingine. Yuko nyuma ya ule ukuta, yeye na mwenzake mmoja tuliyemwita Kimya, mgeni, ambaye hata kwao hatukukujua vizuri.

Njia ile ilikuwa imekwisha. Mimi mwenyewe nilipima nguzo za mawe nikaandika kwamba zimechoka, ifungwe. Tukatoa reli, tukatoa taa. Kisha msimamizi wa zamu akanifuata ofisini, akafunga mlango, akasema kuna mawe mazuri yamebaki mwishoni, watu wawili wanaweza kuyatoa kimya kimya kwa siku chache. Akaniuliza, 'Nguzo zitahimili wiki?' Nilikuwa kijana, nilitaka anione najua. Nikamwambia, 'Wiki moja zitahimili.' Sikuandika popote. Neno tu. Baba yako alimsikia msimamizi akisema mpima amekubali, na kwa kuwa mpima ni mimi, akaingia bila kuuliza. Ndivyo alivyoniamini.

Ziliachia siku ya pili.

Majina yao hayakuwa kwenye orodha ya zamu, kwa sababu njia ile kwenye vitabu ilikuwa imefungwa. Msimamizi alisema kuchimbua kutachukua siku kumi na kutaangusha njia kuu na watu themanini. Labda ilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyekuwa na ujuzi wa kumwambia si kweli, na sikupima. Alisema pia kwamba asiye kwenye orodha hajafa.

Siku mbili za kwanza kulikuwa na mlio wa kugonga. Bomba la zamani lilikuwa bado linapita chini ya kifusi, na lilikuwa likigonga. Tatu, kimya, tatu. Nilisimama pale. Nilikuwa na nyundo ya kupimia mkononi. Sikujibu, kwa sababu kujibu kungekuwa ahadi.

Siku ya tatu tulijenga ukuta. Utataka kujua kama walikuwa bado wanagonga, na hapo ndipo ninapokufa kila siku. Sijui. Kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, ilikuwa inanguruma hatua mbili kutoka tulipokuwa. Ningeweza kusema izimwe kwa dakika moja nisikilize. Mtu yeyote angeizima, lilikuwa jambo la kugeuza swichi. Sikusema. Mnasema sikio langu la kushoto limekufa. Halijafa. Linasikia tatu, kimya, tatu, na hakuna nafasi ya kingine.

Mama yako alikuja kusimama getini. Alikuwa na tumbo la miezi sita na wewe umemshika sketi. Alisimama siku ya kwanza, ya pili, ya nne, ya saba. Walinzi walimwambia mumewe hakuingia kazini, naye akawaambia alimfungia chakula kwa mikono yake. Mimi nilipita getini hapo kila jioni, namsalimu. Dada yake Kimya naye alikuja mara moja, akaambiwa hajulikani, akaondoka. Mama yako hakuwa wa kuondoka. Nikaogopa atajifungulia pale. Nikajiambia hasira humlisha mtu na msiba humla, nikamwandikia ile mistari sita. Aliisoma mbele yangu. Hakulia. Alikwenda ndani akafunga vitu vyake. Nikadhani nimemwokoa. Miaka ishirini na sita nilimwona akimlaani mtu asiye na kosa, nami nikimtilia chai.

Ndani ya bahasha kuna ramani niliyoichora upya, pamoja na maelezo niliyoyatia saini mbele ya hakimu wa hapa. Mpe Mkuu wako. Msimamizi alikufa zamani, kwa hiyo hakuna wa kumrushia lawama. Nimemwambia mkaza mjomba wako. Nimemwambia Mdogo. Mdogo alimchukua mtoto mapajani mwangu, akaenda naye kwake.

Siombi kitu.

Mjomba wako


Tarehe 24 Septemba

Mjomba,

Natumaini unakula. Mdogo ameniandikia, amemwita mtoto jina la babu yake, bila kumshauri mtu. Mpe muda.

Nilimpelekea Mkuu bahasha yako. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Nilijiandaa kubishana naye. Badala yake alikwenda kwenye pipa akalizima kwa mkono wake. Lilikuwa halijawahi kuzimwa kwa miaka minane. Kwa ukimya ulioingia baada ya pampu kusimama, sisi sote tuliinamisha vichwa kama tuliopigwa. Kijana mmoja wa takwimu alilia, sijui kwa pipa au kwa watu.

Wakaja wakubwa wa serikali, wakaja wakaguzi wa migodi. Walitoboa kwa siku tatu. Niliruhusiwa kuingia kwa sababu mimi ni mtoto wake. Hewa ilikuwa nzito, vuguvugu. Njia ni ile ile uliyochora, hukukosea hata pembe.

Nikwambie ulichotaka kujua kwa miaka yote. Waliangukiwa na paa lile lile la kwanza, wote wawili, mwishoni kabisa mwa njia, mbali na ukuta. Daktari anasema ilikuwa mara moja. Hawakuteseka. Ule mlio wa kugonga uliousikia, fundi wa pampu amenieleza, ni maji. Bomba likibanwa na mwamba, maji yanasukumana ndani na kugonga kwa vipindi, hata saa nzima, hata siku. Amesikia mabomba yakigonga hivyo mara nyingi. Hapakuwa na mtu, Mjomba. Kompresa isingebadilisha kitu. Ulilinda ukuta usiokuwa na mtu nyuma yake.

Sijakusamehe kwa ajili ya mama. Hilo liko palepale na sijui litakwenda wapi. Lakini hili lingine liache, ulale.

Mazishi ni tarehe 19 ya mwezi ujao, hapa hapa, kwenye makaburi ya juu ya kilima. Dada yake Kimya amepatikana, ni bibi sasa, anakuja. Pipa halijawashwa. Mkuu anasema litawashwa baada ya mazishi na tutaanza kuhesabu upya toka moja.

Mpwa wako


Tarehe 3 Oktoba

Mwanangu,

Nakula. Kifua ni kilekile. Mdogo alipita jana, hakuingia, lakini alisimama dirishani kidogo na mtoto begani, nikamwona.

Barua yako nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo. Niliilaza chini ya mto, na siku mbili nililala. Kwa siku hizo mbili nakushukuru, hakuna aliyewahi kunipa zawadi kama hiyo.

Siku ya tatu nikakumbuka kazi yangu. Njia ikifungwa, jambo la kwanza ni kukata maji. Bomba lile tulilikata wiki mbili kabla, mimi na fundi bomba. Mkono wa koki niliufungua mwenyewe nikauweka kwenye droo ya meza yangu. Lilikuwa kavu, mwanangu. Bomba kavu haligongi lenyewe.

Sikulaumu. Najua mtu anayeandika barua ya aina ile anawaza nini anapoiandika. Anampenda anayemwandikia, na anadhani anajua mwenzake anaweza kubeba kiasi gani. Nami nilidhani hivyo kuhusu dada yangu, nikamnyang'anya mume wake mara mbili.

Nakuja kwenye mazishi. Mkaza mjomba wako amesema hanifuati, ila amenipigia pasi shati. Nitasimama mbele ya dada yake Kimya niseme kwa mdomo niliyoyaandika kwa hakimu. Lakini sitaki kusimama pale nikiwa na namba ya kujitungia. Najua umeiona. Wewe kazi yako ni kuhesabu. Niandikie siku ngapi, kabla sijapanda basi.

Mjomba wako


Tarehe 10 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, ingawa nimepata mafua.

Hawakuangukiwa. Baba alikuwa na chaki ya kuhesabia mikokoteni na saa ya mkononi. Kwenye boriti ya mbao kuna alama nne, moja kwa kila siku, mbili za mwandiko wake, mbili za mtu mwingine aliyekuwa akikaza sana chaki. Tuliwakuta wamekaa pamoja, migongo imeegemea zege. Upande wa ndani zege ni laini, halijapigwa na kitu. Nadhani walipomaliza kupenya kifusi na kufika pale walikuwa wamechoka kugonga, au walisikia mashine na kudhani mnakuja.

Siku nne. Ukuta uliujenga siku ya tatu.

Basi linafika saa tisa alasiri. Uje na koti, chini kuna joto lakini juu ya kilima upepo hauna huruma, na njia ya kupandia ni mawe matupu. Usibebe mzigo mzito kwa kifua hicho. Nitakuwa kituoni mwenyewe, upande wa sikio lako la kulia.

Mpwa wako